Miaka 27 nilipita kwa dada yangu bila kusimama. Sasa nataka kusimama

Barua ya msomaji

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 63, dereva mstaafu wa malori ya masafa. Naishi Dar es Salaam na mke wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Watoto wetu wanne wote wanajitegemea. Binti yetu wa pili ndiye anayenisomea majibu yako, na ndiye anayechapa barua hii, kwa hiyo naeleza nikijua naye anasikia.

Nilianza kama utingo mwaka 1988. Mwaka 1995 nikakabidhiwa gari, na sikushuka kwenye usukani mpaka 2022. Miaka 27 njia yangu ilikuwa ile ile: bandarini, Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha naikata Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Kwenda na makontena, kurudi na shaba. Barabara hiyo naijua kwa mizani zake na kona zake, lakini naijua ya usiku. Pale Bonde la Mibuyu sijawahi kusimama mchana nikaitazama hiyo mibuyu.

Sasa nina Noah ya mkononi, nimeikarabati mwenyewe, na mimi na mama watoto tumepanga safari. Si ya kukimbizana. Tumejipa wiki tatu, tunakwenda mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Yeye ni mtu wa Kyela, na tangu nimuoe mwaka 1989 ombi lake ni moja: twende kwao mchana, tukisimama anapotaka kusimama. Binti ameandika ratiba kwenye daftari. Jua likizama tumeshapata pa kulala. Mlima Kitonga tunaupanda asubuhi. Tumekusudia kuondoka mwezi wa pili.

Lakini kadiri siku zinavyosogea, nimekuwa najaza watu kwenye safari hiyo. Morogoro, jirani na Msamvu, yupo aliyekuwa utingo wangu hadi 2004, siku hizi anaziba pancha. Usiku mmoja tukishuka Kitonga breki zilianza kunikataa, naye aliruka na gogo mkononi akaliingiza chini ya tairi gari likiwa bado linatambaa. Alipoacha kazi nilimwahidi kumtafutia leseni na gari la kuendesha. Sikumtafutia. Ruaha Mbuyuni kulikuwa na mama aliyeuza wali kando ya magunia ya vitunguu. Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipoharibu njia tukakwama, alinilisha kwa mkopo siku kumi na zaidi. Deni la mwisho lilikuwa shilingi 14,000, nalo nililiacha hewani. Makambako yupo rafiki tuliyechunga naye ng'ombe utotoni.

Hao wote ni wepesi. Mzito ni dada yangu.

Kwetu ni Mufindi. Nyumba ya wazazi ipo nje kidogo ya Mafinga, unaiona ukiwa barabarani. Baba alifariki mapema. Dada, aliyenizidi miaka sita, alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, akawa ndiye anayemtunza mama. Mimi nilikuwa natuma fedha, sikukosa. Na kila nilipopita, hata iwe saa nane usiku, nilipiga honi tatu. Mama alizijua. Alikuwa akiniambia kwenye simu, "Jumanne nilikusikia umepita, mwanangu." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Kusimama ilikuwa vigumu: mzigo wa shaba unatembea kwa msafara na ulinzi, ukijitenga umejitakia kuibiwa.

Mama alifariki mwaka 2011. Nilikuwa siku ya nne kwenye foleni ya Kasumbalesa, mzigo umekwama kwa sababu ya makaratasi. Nilimpigia bosi, akasema nikiuacha mzigo, kitakachopotea ni juu yangu. Nilibaki. Mke wangu alipanda basi Ubungo akaenda kuzika kwa niaba yangu. Mimi sikutupa hata konzi ya udongo. Siku ya saba nilipita Mafinga usiku, ndani ya msafara. Niliona moto wa matanga bado unawaka uani. Nikapiga honi tatu, nikaendelea.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa nikaenda. Dada hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akasema, "Uliyekuwa unampigia honi tumeshamzika. Wewe kwetu ni taa za gari, zinamulika ukutani zinapita." Niliacha bahasha ya fedha kwenye kiti cha uani nikaondoka. Ni miaka 14 sasa. Nimepita hapo mara nyingi baada ya siku ile, na honi sikupiga tena.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, yupo Kariakoo, tunaelewana vizuri. Nilipomwambia nataka kusimama kwa mama yake alisema, "Mjomba, ukimwambia unakuja, siku hiyo atahamia shambani. Nenda bila taarifa. Majirani watakuwa wanaona, hawezi kukufukuza." Binti yangu yeye anasema hilo ni kumvizia mtu mzima. Mke wangu hasemi kitu. Nikimuuliza anajibu, "Ni dada yako, wewe ndiye unayemjua."

Nimetenga fedha kwenye mafao yangu nijengee kaburi la mama, niweke marumaru na jina lake. Nawaza nikifika na mafundi na saruji, dada ataona nia yangu. Nina shinikizo la damu, wenzangu tuliokuwa nao barabarani wanapukutika, sitaki nife nikiwa taa za gari. Je, niende nikiwa nimetoa taarifa au nisitoe? Na ninakosea kumchanganyia mke wangu haya kwenye safari yake?

Ni mimi, Dereva Mstaafu, Dar es Salaam

Jibu la mshauri

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuzidi, kwa hiyo shikamoo yako imefika mahali pake. Na wewe binti uliyechapa barua hii, ahsante. Si rahisi kuandika maneno ya baba yako ya namna hii bila kusita.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Hukuuliza kama uende au usiende. Hilo umeshaamua, na mimi siwezi kumwambia mtu wa miaka 63 mwenye shinikizo la damu asubiri zaidi. Umeuliza namna ya kuingia: kwa hodi, au kwa kushtukiza. Kisha mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, ukaulizia safari ya mke wako. Nitaanza na dada, maana ndiko moyo wako uliko, ila ule mstari mmoja nitaurudia.

Niruhusu nikuulize kuhusu zile honi. Umeandika kwamba ndiyo ilikuwa salamu yenu, wewe na mama, na naamini ilimfurahisha. Mama akisikia mwanawe amepita salama, hulala. Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu wa tatu. Saa nane usiku, Mafinga ya mwezi wa saba na baridi yake, honi zinalia mara tatu, mama mzee anaamka. Nani alikuwa anaamka naye? Nani alimwambia, "Lala mama, hasimami"? Huenda mama alitaka moto ukokwe kwa kuwa safari hii labda utashuka. Huenda haikuwa hivyo hata mara moja, na dada naye alifurahi. Mimi sijui. Ninachokiona ni kwamba katika barua nzima hujaandika dada alizisikiaje honi hizo, na maneno yake ya mlangoni yalianza na honi. Hakusema lolote juu ya fedha. Hakusema hukumpenda mama. Alitaja honi, na taa zinazomulika ukutani. Huyo ni mtu aliyekuwa macho.

Na ule usiku wa siku ya saba. Wewe uliona moto wa matanga ukapiga honi kwa uchungu, kwa kuwa mkono wako ulikuwa hauna njia nyingine ya kulia. Naelewa, na naumia nikifikiria uliendesha vipi kutoka hapo hadi Iringa. Aliyekuwa uani pale motoni alisikia kitu kingine kabisa. Sisemi alisikia sawasawa. Nasema nyote wawili mmekaa miaka 14 na sauti moja, kila mmoja na maana yake, na hakuna aliyemsimulia mwenzake upande wake.

Sasa shauri la mpwa wako. Usilidharau, kijana anamjua mama yake. Na ni kweli kabisa kwamba kwetu ugomvi mwingi umeisha hivyo: mtu anatokea uani bila taarifa, mwenyeji anashindwa kumfukuza, maji ya kunawa yanaletwa, wakishakula pamoja maneno yanaanza kulegea. Kama moyo wa dada umeshachoka na chuki ila anaona aibu kuwa wa kwanza kusema, kufika kwako bila hodi kunaweza kumtua mzigo. Hatakuwa amekuita, utakuwa umekuja tu.

Lakini itazame njia hiyo upande wa pili. Atakayekupokea kwa sababu ya majirani atakuwa amempokea mgeni. Atakuchinjia kuku, atakopa sukari, atakutandikia kitanda, na wewe utaondoka ukidhani mmepatana. Kisha ukishapanda gari atabaki na hasira mpya, kwamba hata ile nafasi ya kukataa nyumbani kwake umemnyang'anya. Binti yako ameita kumvizia. Neno ni kali, lakini alichokiona kipo.

Kuna na jambo la msimu, ambalo dereva wa usiku huenda asilione. Mmepanga mwezi wa pili. Huko kwenu mwezi wa pili mvua bado zipo, mahindi yanataka palizi na mbolea, na gunia la mwaka jana liko ukingoni. Ni miezi ambayo nyumba nyingi za vijijini hazitaki mgeni aone jikoni. Kuanzia mwezi wa saba, mahindi yakiwa yamevunwa, mwenyeji yule yule hupokea watu kwa uso mwingine, kwa sababu ana cha kuweka mezani. Safari yenu ni ya starehe, na mmeistahili. Kwa yule mnayemfikia ni siku ya jembe iliyokatika. Sikwambii msogeze tarehe, maana mwezi wa saba baridi ya Mafinga si mchezo kwa wazee, na mkeo amesubiri vya kutosha. Nakuomba tu ujue utamkuta katika hali gani.

Njia ya kutoa taarifa nayo ina miiba yake. Ukipiga simu mwenyewe, baada ya miaka 14, anaweza kukata akisikia sauti yako. Ukimtuma mpwa, unamweka kijana kati ya mama na mjomba, na likiharibika atalaumiwa yeye. Wapo wanaomtuma mzee wa ukoo au mzee wa kanisa. Kwenu Uheheni wapo pia watani. Mngoni akienda kwa dada yako anaweza kumwambia kwa utani maneno ambayo wewe ukiyasema utafungiwa mlango, na dada akacheka kabla hajakumbuka kukasirika. Nimeona watani wakifungua milango iliyoshindikana hata kwa wachungaji. Ila ukishamtuma mtu, habari ni ya kijiji kizima, na dada atajibu huku akijua anasikilizwa.

Na akikataa? Najua hilo ndilo unaloliogopa zaidi, ndiyo maana shauri la mpwa limekuvutia. Hebu lifikirie hilo "hapana" lenyewe. Kwa miaka 27 aliyeamua gari lisimame au lisisimame alikuwa wewe, na bosi wako, na msafara. Yeye alikuwa wa kusikia tu. Akiulizwa leo, "Kaka yako anaomba kuja, unasemaje?" itakuwa mara ya kwanza kwake kuulizwa. Anaweza kusema hapana leo akasema njoo mwakani. Anaweza pia kusema hapana na ikabaki hivyo mpaka mmoja wenu azikwe, na hilo sitalifunika kwa maneno matamu. Unajijua kama moyo wako, na presha yako, utaweza kulibeba jibu hilo ukiwa barabarani.

Kuna watu katika hali yako hufanya kitu cha katikati: wanafikia gesti mjini, wanatuma ujumbe kwamba "nipo Mafinga hadi Alhamisi, ukipenda nije, au tukutane popote unaposema." Unamwachia yeye hatua ya mwisho bila kumkabili uani. Njia hiyo ina heshima yake. Lakini kwa ndugu wengine, mtoto wa nyumba hiyo kulala gesti wakati paa la baba yake linaonekana ni tusi jipya. Kwa familia yenu ikoje? Mpwa atakujibu hilo vizuri kuliko mimi.

Wazo jingine, nalo ni wazo tu. Umewahi kufika kwenu kwa miguu? Namaanisha kushuka basi stendi ya Mafinga, ukatembea mpaka nyumbani na mfuko wako mkononi, bila injini yoyote kukutangulia. Ungeweza kwenda peke yako, siku mbili, kabla ya safari ya Noah. Safari ya mke wako ingebaki ya mke wako. Hasara yake ni kwamba utakuwa peke yako iwapo mlango utafungwa, na ni zaidi ya kilomita 500 kurudi Dar na maumivu hayo.

La kaburi limenigusa, na hapo nitakuwa wazi zaidi kidogo. Nia yako ni njema. Lakini nani amekuwa akilipalilia kaburi hilo tangu 2011? Nani aliweka mawe pembeni, au maua, au mti? Ukifika na mafundi na saruji kabla ya mazungumzo, unaweza kuwa unafunika kwa marumaru kazi ya mikono ya dada yako. Mwaka ule uliacha bahasha kwenye kiti. Jiulize taratibu kama marumaru si bahasha nyingine, kubwa zaidi. Fedha ulizotuma zilimlisha mama, hakuna wa kukunyang'anya hilo. Huenda tu ikafaa safari hii fedha zikae kwenye buti mpaka dada mwenyewe aseme anaona kaburi liweje. Na iwapo atasema libaki la udongo, sijui utajisikiaje. Lifikirie kabla hujaondoka.

Wale wengine wa njiani umewaita wepesi. Wa Morogoro si mwepesi kama unavyodhani: ulimwahidi gari, na mtu aliyekuokoa Kitonga hasahau ahadi. Mpigie kabla, umwambie mwenyewe kwamba hukuitimiza, asije akakupokea kwa furaha huku wewe ukijikunja. Anaweza kukuomba umsaidie mwanawe kupata kazi, jiandae na jibu la kweli. Huyo mama wa Ruaha Mbuyuni, ulizia kwa sauti ya chini, kwa mtu mzima mmoja. Unafahamu kuliko mimi jinsi ugonjwa ule ulivyowavuna watu wa vituo vya barabara hiyo miaka ya tisini na kuendelea, Ilula, Mafinga, Makambako, kote huko. Kusimama sokoni na kuuliza "fulani yuko wapi" kunaweza kutonesha kidonda cha binti yake aliye nyuma ya meza ile ile akiuza vitunguu. Ukimpata mwenyewe au mtoto wake, kumbuka shilingi 14,000 za 1998 zilinunua vingi. Usizihesabu kwa bei ya leo. Wa Makambako mnywe chai tu, mcheke ng'ombe wenu.

Sasa nirudi kwa mama watoto. Uliandika, kana kwamba unapita tu, kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuzika kwa niaba yako. Nilipofika hapo nikaiweka barua chini. Huyu mwanamke alipanda basi Ubungo, akaketi na wifi yake kwenye msiba, akatupa udongo uliopaswa kutoka mkononi mwako. Siku aliyosimama pale kaburini, dada yako alimwambia nini? Alikuwa analia kwa nani? Je, watu waliuliza ulipo, na yeye alijibu nini? Unasema hasemi kitu, anajibu tu kwamba wewe ndiye unayemjua dada yako. Inawezekana hataki kuingilia. Inawezekana pia kwamba anajua mengi na hajawahi kuulizwa. Wifi huongea mambo ambayo ndugu wa damu hawaongei, na sitashangaa wakiwa wanasalimiana kwenye simu mpaka leo bila wewe kujua. Kama ni hivyo, usimkasirikie. Naye alikuwa mke wa mtu wa barabarani, alijifunza kuendesha nyumba kimya kimya.

Ndiyo maana siwezi kukujibu kwamba unakosea au hukosei kumchanganyia haya kwenye safari yake. Sijui kama yeye anayaona ni mchanganyiko. Inaweza kuwa alitaka wiki tatu ambazo kwa mara ya kwanza hakuna mwingine anayekudai, na sasa anaona daftari linajaa majina ya watu wako. Inaweza kuwa naye anatamani kusimama Mafinga kuliko wewe.

Ila lipo moja la njia ambalo nataka ulione mapema. Ukiamua kumpa kwanza Matema yake, mle samaki, mkae mchangani, kisha dada awe wakati wa kurudi, mpango huo una busara: mtafika mmepumzika, na mkeo atakuwa amepata chake. Lakini kwenda Matema lazima mpite Mafinga. Utaipita nyumba ile mchana kweupe, ukiwa na gari lako mwenyewe, bila bosi, bila msafara, na hutasimama. Mkianza na dada, na likaharibika, mtabeba uzito wake wote mpaka ziwani. Hapo ndipo ugumu wako ulipo hasa, na ninyi wawili tu ndio mnaoweza kusema upi mnaumudu.

Niandikie tena, hata kama mlango haukufunguliwa. Na binti, ukimaliza kumsomea baba haya, ukipenda nenda kapike chai, uwaachie sebule. Wewe mdogo wangu, kabla ya tarehe, kabla ya mpwa na mafundi wa marumaru, keti karibu na mkeo jioni hii umuulize siku ile ya maziko ilikuwaje. Kulikuwa na jua au mvua, mama alilazwa upande gani wa shamba, na nani alimshika mkono wakati anatupa ule udongo.